Aliyewapiga picha sokwe wa Gombe: mbona hapa Kigoma hatumjui?

Mwisho_wa_Reli (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jana jioni nilikuwa kijiweni Mwanga, jamaa kaweka kwenye simu ile filamu ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, iliyotoka 2017. Watu kumi na mmoja tumeinamia kioo kimoja, kahawa inapoa. Sokwe akitokea tu, wazee wanamtaja kama wanamtaja jirani: huyo Flo, huyo David Greybeard, ona ndevu zake. Mwishoni nikauliza, na aliyeshika kamera ni nani? Kimya. Mmoja akasema ni mumewe. Mwingine akamkatalia, mumewe alikuwa Bryceson wa hifadhi. Ubishi ukaishia kwenye mpira.

Nimeenda kusoma. Anaitwa Hugo van Lawick, Mwingereza, aliingia Gombe 1960 pamoja na Jane. Dunia imeijua Kigoma kwa macho ya huyu mtu. Mgeni ukimtajia Kigoma, kinachomjia kichwani ni mkanda wake. Livingstone alipita Ujiji na ana makumbusho. Meli ya Liemba ni chuma tu na kila mtoto anajua Wajerumani waliizamisha 1916. Huyu wa kamera hana hata kichochoro. Kwa nini?

Natega sikio.

DebeTupu

Nimekaa mbele kabisa, karanga mkononi.

Mama Chikichi

Mleta mada asante kwa uzi, ila umejikwaa mlangoni mara mbili.

Hugo si Mwingereza, ni Mholanzi. Alizaliwa Surabaya mwaka 1937, Indonesia ikiwa bado koloni la Uholanzi. Wala hakuja 1960. Jane alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na mama yake, Vanne, na mpishi wao Dominic. Hugo alikuja 1962, kijana wa miaka 25, kwa maneno mazuri ya Louis Leakey, mtafiti aliyemtuma Jane Gombe, na fedha za National Geographic. Kabla yake aliyejaribu kupiga picha ni Judy, mdogo wake Jane, mwaka 1961. Jane hakutaka mtu mgeni awafukuze sokwe aliowabembeleza mwaka mzima, akaona bora damu yake. Judy akakutana na mvua.

Na huyo mzee aliyesema Bryceson hakukosea. Jane na Hugo walioana London 1964, wakaachana 1974. Bryceson ni ndoa ya pili. Nadhani jibu lako limo humo humo: aliyebaki Kigoma ni Jane, na jina linabaki na anayebaki.

Mgebuka Mkavu

Huyo baba si alifia kwao Uholanzi? Mtu akienda kufia kwao unataka sisi tumpe mtaa wa nini.

Mama Chikichi

Mgebuka, umeandika kabla ya kusoma, kama kawaida yako. Alifariki Dar es Salaam, Juni 2002, na kaburi lake liko Ndutu, Serengeti. Aliishi pale kwenye mahema zaidi ya miaka thelathini. Kwao palikuwa hapa.

Mgebuka Mkavu

Nimenyooshwa. Lakini Ndutu si Kigoma. Wacha watu wa Serengeti wampe mtaa.

Karabai

Kigoma mjini hapa, kazi yangu ni picha za harusi na kipaimara, wakati mwingine matangazo ya kampeni. Niwaambie kwa upande wa mikono, maana mnazungumza ndoa tu.

Ile kamera ya milimita 16, mkanda wa futi 100 unakwenda chini ya dakika tatu. Tatu! Halafu unafungua, unabadilisha gizani au chini ya koti, na sokwe hakusubiri. Unachokipiga hukioni. Mkanda unafungwa, unapanda boti mpaka Kigoma, unapanda gari moshi au ndege, unakwenda kusafishwa ng'ambo, na jibu linarudi baada ya wiki nyingi: ule wa Jumanne umeungua. Mimi leo nikikosea bibi harusi anaingia tena mlangoni. Yeye amwambie Flo arudi?

Na bonde la Kakombe ni giza saa sita mchana. Mikanda ya enzi hizo ilitaka mwanga mwingi. Kwa hiyo mnaona picha zake nyingi ni za kambini, ufukweni, kwenye nyasi za juu. Si kwamba sokwe walipenda kambi. Pale ndipo palipokuwa na mwanga. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu akahamia Serengeti. Mpiga picha hufuata jua. Ndoa ni habari nyingine.

MzeeWaKatonga

Karabai umenena vizuri, kijana wangu. Ila sokwe walikuwa kambini kwa sababu ya ndizi. Hilo mbona hamlisemi? Waliwekewa ndizi, wakazoea, wakaanza kupigana kwa ajili ya ndizi, kisha dunia ikaambiwa hii ndiyo tabia ya sokwe. Ukiweka sufuria ya wali katikati ya Mwanga utapiga picha ya vita pia.

Mama Chikichi

Shikamoo mzee. Hoja ya ndizi ni ya kweli, na wataalamu wenyewe wamebishana nayo miaka mingi. Lakini cha kwanza kilichomleta David Greybeard kambini hakikuwa ndizi. Palikuwa na mchikichi umeiva pale kambini, alikuja kula chikichi. Ndizi aliziona mezani akajichukulia, ndipo Jane akapata wazo. Kwa hiyo aliyeanzisha yote ni mchikichi wa Kigoma. Jina langu linahusika, nimeona nilitetee.

DebeTupu

Na mimi jina langu linahusika! Kuna sokwe aliitwa Mike. Mwaka 1964 alikuwa mnyonge, anapigwa na kila mtu. Akaokota madebe matupu ya mafuta ya taa pale kambini, akawa anayasukuma mbele yake anakimbia nayo, ngwalangwala ngwalangwala, wababe wote wanapanda miti. Akawa mkubwa wa kundi bila kumng'ata mtu. Wazungu mpaka wakayaficha madebe.

Hugo alipiga ile picha akidhani anapiga sokwe. Alipiga methali yetu. Na siasa zetu.

Mgebuka Mkavu

😂😂 Kuna diwani mmoja namjua alipita kwa mbinu hiyo hiyo, spika tatu juu ya gari.

Mpiga Kasia

Habari zenu. Mimi ni wa Mwamgongo, kaskazini ya hifadhi. Nawasoma tangu asubuhi, mnasema Hugo, Jane, Mike. Hamjasema mtu.

Kabla hapajawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ufukwe ule wavuvi walikaa kwa msimu. Giza likiingia, mwezi ukiwa haupo, wanavua kwa karabai usiku kucha. Asubuhi dagaa wanaanikwa kwenye changarawe, ufukwe mzima unang'aa kama umemwagiwa bati. Marehemu babu yangu alianika pale. Alitusimulia harufu, na jinsi nyani walivyokuwa wanapita katikati ya dagaa wakichagua. Sokwe hawakuja, walikuwa na haya. Sasa niambieni, katika hiyo filamu mlioangalia watu kumi na mmoja, ufukwe uko mtupu au una dagaa? Mwanamke mmoja mweupe, ziwa, sokwe. Basi. Kama hakuna mtu wa kwetu ndani ya picha, kwa nini mtu wa kwetu amkumbuke mpiga picha?

Mwisho_wa_Reli

Mpiga Kasia, umenichoma pazuri. Ila si tupu kabisa. Kuna kipande mama yake Jane yuko na wagonjwa, watu wa kwetu wamejipanga wanapewa dawa. Kijiweni wazee waliomba kirudishwe mara mbili, wanatafuta sura wanazozijua.

Mpiga Kasia

Nakubali, kile cha dawa kipo. Kipande kimoja. Na wamo kama wagonjwa.

Ufukwe Mtupu

Ndugu zangu tusimwonee marehemu. Ile ya 2017 hakuihariri yeye. Alishakufa. Picha zake, zaidi ya saa 100, zilikuwa zimelala kwenye ghala la National Geographic mpaka zikaibuliwa 2014, ndipo Brett Morgen akazishona. Huwezi kujua Hugo alipiga dagaa wangapi na nani aliwakata.

Jambo lingine: mikanda ile ilikuwa bubu. Haina sauti hata moja. Kila kilio mnachokisikia mle kimewekwa baadaye. Mimi nimekulia Kibirizi, nilikuwa ng'ambo kimasomo miaka fulani, tukaonyeshwa filamu nyingine ya Gombe, siitaji. Boti inafika ufukweni, nikasikia mawimbi, nikamwambia mwenzangu hayo si ya kwetu. Ziwa letu likiwa limetulia linalamba changarawe, linafanya kama mtu anasukutua kinywa. Yale yalikuwa yanaporomoka, ya baharini. Wenzangu waliniona nimechanganyikiwa. Mtu anakuonyesha nyumbani kwenu na sauti ya kwa wengine.

Karabai

Hiyo ya mawimbi nimeipenda kuliko uzi wote. Kesho naenda Kibirizi na kinasa sauti.

Sangara 2004

Mnamsifu huyo wa zamani, mmesahau yule aliyekuja Kigoma akapiga filamu ya mapanki, yale mabaki ya sangara, na ndege za silaha, akatuharibia jina dunia nzima? Hao wapiga filamu wote lao moja.

Mama Chikichi

Ile ilipigwa MWANZA. Ziwa Victoria. Hubert Sauper, Mwaustria, filamu ilitoka 2004, na serikali iliilaani hadharani 2006, watu wa Mwanza wakaandamana. Kigoma hatuna mapanki.

Sangara 2004

Sawa, Mwanza. Hoja yangu ipo pale pale. Akikuudhi unamjua jina. Akikusifia humjui.

DebeTupu

Nani Kigoma anamjua Sauper jina? Wewe mwenyewe umemwita "yule".

Mgebuka Mkavu

Na ukimsema sangara sema taratibu, mgebuka ni ndugu yake wa ukoo mmoja. Waulize wataalamu wa samaki. Mimi nina binamu Mwanza ananenepa tu.

MzeeWaKatonga

Turudi kwenye mada. Kijana aliuliza kwa nini hatumjui. Mimi nina jibu fupi: hatukuwahi kuonyeshwa. Ile filamu ya kwanza, Orson Welles akiisimulia, ilionyeshwa kwenye runinga ya Marekani Desemba 1965. Sisi Tanzania Bara runinga tumeanza kuiona 1994. Hesabuni wenyewe. Miaka 29 watu wa Marekani wanawajua sokwe wa Kigoma kwa majina, mimi niliyezaliwa Katonga nilikuwa najua tu kwamba kule juu kuna mzungu anaongea na wanyama. Tulimwogopa kidogo, nisiwafiche.

Mimi nimewaona sokwe wa Gombe kwenye filamu kwa mara ya kwanza nikiwa na wajukuu. Ilikuwa kijijini, mradi wa mazingira umefunga shuka jeupe kati ya miti miwili ya miembe, jenereta linanguruma nyuma. Watu walicheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Sokwe akimchokonoa mchwa kwa kijiti, mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyo anamzidi mume wangu akili." Mpiga picha hakutajwa. Na jenereta liliishiwa mafuta kabla ya mwisho, kwa hiyo mpaka leo sijui iliishaje.

Mpiga Kasia

Mzee shikamoo. Niongeze langu, halafu nikalale, nina safari alfajiri.

Miaka ya nyuma nilifanya kazi na wapiga filamu kutoka nje, jina la kampuni nalihifadhi. Siku kumi na moja. Nilibeba miguu mitatu ya kamera, nikashika mwavuli juu ya lenzi, nikaonyesha njia. Usiku unyevu ulikuwa unaingia kwenye kamera, kioo kinapata ukungu ndani. Wao walikuwa na vifuko vyao vya kukaushia, vikaisha. Nikawaambia leteni ndoo ya mchele. Tukaifukia kamera kwenye mchele kilo kumi, kwenye kitambaa, tukafunika. Asubuhi safi kama jicho la mtoto. Na mchele tuliupika.

Filamu ilitoka. Majina mwishoni yanapanda, wa kamera yumo, wa sauti yumo, wa chakula cha kule kwao yumo. Mimi natafuta. Kuna mstari umeandikwa shukrani kwa watu wa Kigoma. Basi mimi ndiye watu wa Kigoma.

Pesa walilipa, sitaki kusema uongo. Ni hilo jina tu.

Mwisho_wa_Reli

Pole sana, Watu wa Kigoma. Nitakuita hivyo sasa.

Ufukwe Mtupu

Hii inanikumbusha jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mnasema kamera kama vile imeshikwa na wageni tu. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Wote waliachiwa baadaye, lakini wazungu wengine waliondolewa na Jane akawa haruhusiwi kukaa kama zamani. Kazi haikulala hata siku moja. Waliofuata sokwe kila asubuhi ni watu wa vijiji hivi hivi, kina Hilali Matama na wenzake, kalamu na karatasi, na mvua ile mnayoijua. Ile vita ya makundi mawili ya sokwe iliyoanza 1974, sehemu kubwa imeandikwa na mikono yao.

Na miaka ya 1980 akaja mwanaanthropolojia, Christopher Boehm, akawafundisha baadhi yao kutumia kamera ya video. Kwa hiyo mtu wa Kigoma ameshampiga sokwe filamu, zamani tu. Kama tunatafuta wa kumpa mtaa, mimi naanzia hapo.

Mgebuka Mkavu

Hao ni waandishi wa takwimu, si watengeneza filamu. Kushika kamera si kutengeneza filamu. Mimi nina simu ya kamera tatu na bado siitwi msanii.

Karabai

Hapana, hapo nakupinga. Kutengeneza filamu ya mnyama ni nini? Asilimia tisini ni kujua atatokea wapi. Bill Wallauer, yule Mmarekani aliyepiga sokwe wa Gombe miaka ya 1990 kila siku mpaka wakamzoea kama kisiki, alitembea na nani? Na watu wa hapa. Anayejua kwamba sokwe huyu akipita bonde hili kesho atalala lile, huyo ndiye mwongozaji. Mwenye kamera anafuata.

Mama Chikichi

Hugo mwenyewe hakuishia kwa sokwe, tumtendee haki. Alifuata mbwa mwitu, fisi, mbweha, chui. Filamu ya chui ilitoka 1996. Tuzo za Emmy, zile za runinga ya Marekani, alipata nane. Na pale Ndutu alifundisha vijana wengi kazi hii, ndiyo maana wanaomjua ni wa fani. Ila 1988 alirudi kwenye hadithi ya Gombe, akaitengeneza upya kwa mikanda ya miaka ishirini, ukoo wa Flo mama na wanawe. Flo alikufa 1972, na mwanawe Flint hakuchukua muda, akamfuata, hakutaka kula. Nimekiona kile kipande mara moja tu, na sirudii.

Ukiniuliza mimi, ile ni kazi ya mtu aliyekwenda msibani akakaa mpaka arobaini. Hakupiga picha akakimbia.

Mpiga Kasia

Dada, umesema vizuri kuhusu Flint. Mwaka huo huo Hugo alipofariki, 2002, Frodo, mjukuu wa Flo, alimuua mtoto mchanga wa binadamu aliyekuwa amebebwa ndani ya hifadhi. Mtoto wa kwetu. Kwa sokwe tuna filamu ya msiba. Kwa mtoto yule hatuna.

Mama Chikichi

Hapo sina la kujibu.

MzeeWaKatonga

Labda ni vizuri haipo. Familia ile ingeona mara ngapi?

Mpiga Kasia

Sijui mzee. Labda.

DebeTupu

Nabadilisha upepo kidogo, naona uzi umekuwa mzito. Jane alipofika Kigoma 1960, Wabelgiji walikuwa wanakimbia Congo, mji umejaa wakimbizi. Yeye na mama yake wakawekwa kazi ya kutengeneza mikate yenye nyama ya kopo. Walitengeneza 2,000. Hiyo nayo hakuna aliyeipiga picha. Filamu ya kwanza ya Kigoma ingekuwa ya mikate.

Sangara 2004

Siku hizi ukitaka kupiga filamu Gombe unahitaji nini? Nauliza kwa nia njema.

Karabai

Kibali cha Bodi ya Filamu, kibali cha hifadhi, ada, na subira. Droni usiibebe bila ruhusa. Kukaa mita 10 kutoka kwa sokwe, barakoa usoni, ukiwa na mafua unabaki kambini, maana ugonjwa wetu unawaua. 1966 polio iliwapitia, wengine wakapooza. Ndizi hakuna tena. Yale ya Hugo kukaa nao bega kwa bega, mtu wa leo haruhusiwi. Ndiyo maana nasema kazi yake haitarudiwa na yeyote, mzuri au mbaya.

Mgebuka Mkavu

Kwa hiyo alifaidi sheria hazijakuwepo. Hata mimi ningepata Emmy.

Mama Chikichi

Ungepata malaria.

Mwisho_wa_Reli

Wadau nashukuru. Nimeleta swali moja narudi na sita: aliondoka, hakuonyeshwa, hatukuwamo, alifuata jua, jina lilimezwa na la mkewe, na hili la kwamba labda wa kukumbukwa ni wengine kabisa. Leo nimewapelekea wazee kijiweni. Mmoja amesema yeye hana shida na jina la mpiga picha, anataka kujua ule mchikichi wa kambini bado upo au ulishakatwa.

Nimeona niende mwenyewe. Boti ya Mwamgongo Jumamosi inatoka Kibirizi saa ngapi?

Mpiga Kasia

Ikijaa.